Kazi ya Masizi



Nimefanya kazi ya ukunga kwa muda wa miaka 31, na katika hospitali nilizozipitia, makasha ya mikasi na vibanio vipya mara nyingi yalikuwa na jina la mji mmoja: Sialkot, Pakistan. Sikuwahi kufika huko. Hata hivyo, kwa vyombo vya mji huo nimewakata vitovu watoto ambao baadhi yao leo ni wazazi, na pengine wamo wanaousoma waraka huu. Chombo cha namna hiyo hung'ara, nacho hukaa kimya ndani ya kitambaa chake cha kijani. Ni wachache wanaokitazama wakafikiri kwamba siku moja kilikuwa kipande cha chuma chekundu juu ya fuawe, na nyundo yenye uzito wa ng'ombe dume ikakiangukia kutoka juu.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni la nyumbani. Kaka yangu ana mtoto wa kiume aliyemaliza kidato cha nne, na kijana huyo amesema wazi kwamba anataka kuingia chuo cha ufundi akajifunze kazi ya kufua na kuunda vyuma. Baba yake hakupendezwa. Alikwisha kumtafutia nafasi ya kukaa na daftari katika duka la jamaa yetu. "Sikukusomesha ili uje kunuka masizi," alimwambia mbele yetu. Akataja pia ile hadithi ya Bwana Mtume (S.A.W.) inayomfananisha rafiki mwema na mchukuzi wa miski, na rafiki mbaya na mtu anayevukuta mivukuto ya mhunzi. Tulikaa kikao sisi wazee wa nyumba, na mimi nikiwa shangazi nikaombwa nitoe neno. Niliyoyasema siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa kwa urefu kidogo, kwani naamini si nyumba yetu peke yake yenye mzozo huu.

Wahunzi si wageni katika ukoo wetu. Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na karakana ndogo katika Mji wa Kale, Mombasa. Alifua misumari ya majahazi, bawaba za milango, nanga ndogo ndogo, na visu alivyovitoa katika springi za magari makuukuu. Vifaa vyake vilihesabika kwa vidole: tanuri la udongo, mivukuto, makaa, koleo, nyundo tatu na fuawe. Hakuwa na kipimo cha joto. Alikijua chuma kwa rangi. Kikiwa na rangi ya damu ya mzee, bado. Kikigeuka rangi ya chungwa lililoiva, kiko tayari. Kikianza kumeta weupe na kurusha cheche chenyewe kabla ya kupigwa, kinaungua, na chuma kilichoungua hakina dawa.

Thamani ya ujuzi wake niliitambua usiku mmoja, nikiwa katika mwaka wa 11 wa kazi. Mama mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kutokwa na damu nyingi kutokana na mpasuko wa njia ya uzazi. Mshipa niliuona. Nilichukua kibanio, kile ambacho sisi wauguzi hukiita foseps, nikabana, nacho kikavunjika mkononi mwangu pale penye kiungo. Nilichukua cha pili katika fungu lile lile jipya; hicho meno yake ya kufungia yakateleza, kikafunguka chenyewe. Nilibonyeza kwa vidole na kitambaa mpaka mwenzangu akaleta kibanio kikuukuu kutoka kabati la chumba cha pili, na hicho kikashika. Mama yule aliishi, alhamdulillahi, na mtoto wake naye. Lakini zile dakika mbili tatu za kungoja, nikiihisi damu yake ikinipita kati ya vidole, sijazisahau. Fungu lile lilinunuliwa kwa bei nafuu kwa mchuuzi ambaye hakuna aliyejua alikolitoa.

Siku ya pili nilivichukua vile vipande viwili vya kibanio kilichovunjika, nikampelekea mjomba. Wakati huo alikuwa mzee tayari. Alivipeleka dirishani, akaitazama sehemu iliyokatika, akaipitisha ukucha. "Hiki hakikufuliwa, mwanangu," akasema. "Kimemiminwa." Akanionyesha ndani ya mvunjiko vijitundu vidogo vidogo, kama vile vya mkate wa kumimina. Kwa nje chombo kilipigwa msasa kikang'aa sawa na vingine vyote, na vijitundu vyake vikabaki vimefichika ndani.

Mjomba akanieleza tofauti kwa mfano ambao mtu wa pwani hawezi kuusahau. Fundi wa majahazi anapotafuta taruma, ule ubavu uliopinda ndani ya chombo, hachukui ubao ulionyooka akauchonga upinde. Akifanya hivyo atazikata nyuzi za mti, na taruma litapasuka kwa wimbi la kwanza la kusi. Fundi huenda kutafuta mti uliopinda wenyewe tangu ulipoota, ili nyuzi zake zifuate pindo lile mwanzo hadi mwisho. Chuma nacho kina mfano wa nyuzi, alisema. Kinapomiminwa kwenye kalibu kikiwa maji, chembe zake hujikalia ovyo, na hewa iliyonaswa huacha matundu. Kinapokatwa kutoka bamba, nyuzi zake hukatwa vile vile kama za ubao. Lakini kinapofuliwa kikiwa moto, nyuzi huinama pamoja na umbo, matundu hufungwa, na chembe hushikana. Ndiyo maana kilichofuliwa hupinda kabla ya kuvunjika, ilhali kilichomiminwa aghalabu huvunjika bila kukuonya.

Si kwamba kumimina ni haramu ya ufundi. Sufuria, majiko na mifuniko ya mashimo ya maji machafu humiminwa na hutumika miaka mingi. Lakini kitu kitakachopigwa, kitakachovutwa, au kitakachobeba roho ya mtu, ni bora kifuliwe. Konrodi na krankishafti ndani ya injini ya gari, ndoana ya winchi bandarini, spana ya fundi, kibanio cha mkunga: vyote hivi kwa kawaida hufuliwa. Ukiwa na spana nzuri nyumbani, itazame mpini wake. Huenda ukakuta maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba imefuliwa kwa nyundo ya kuangushwa. Si mapambo, ni fundi anakuhakikishia kitu ambacho jicho lako haliwezi kukiona.

Nyundo ya kuangushwa ni kitu gani, basi? Ni kazi ya mjomba iliyokuzwa. Mkono wa mtu una kikomo, na hauwezi kupiga vipande elfu vikatoka vyote sawasawa. Katika karne ya 19 mafundi wa Ulaya na Marekani walilikabili tatizo hilo. Mwaka 1839 James Nasmyth, mhandisi mzaliwa wa Scotland, alichora nyundo inayoinuliwa kwa nguvu ya mvuke, na mwaka 1842 akapata hataza yake. Wakati huo Wafaransa wa Le Creusot walikwisha kuunda ya kwao. Baadaye, mwaka 1877, mji huo huo wa Le Creusot uliona nyundo ya mvuke ya tani 100 ikianza kazi. Hadi leo imesimama pale kama ukumbusho. Huko Marekani, katika miaka ya 1850, Elisha Root aliyesimamia kiwanda cha bunduki cha Colt mjini Hartford alitengeneza nyundo za kuanguka zenye kalibu, ili kila kipande kitoke mfano wa mwenziwe.

Siri ya kazi hii iko katika kalibu. Hukatwa kalibu mbili za chuma kigumu sana, kila moja ikiwa na nusu ya umbo linalotakiwa, limechimbwa ndani kama ukungu wa kitumbua. Ya chini hufungwa juu ya fuawe, ya juu hufungwa chini ya nyundo. Nyundo huinuliwa kwa mkanda, kwa mbao zinazobanwa na magurudumu, kwa mvuke au kwa hewa, kisha huachiwa ianguke. Kipande cha chuma hutoka tanurini kikiwa na joto la digrii 1,100 au zaidi. Mfanyakazi hukishika kwa koleo, hukiweka ndani ya kalibu ya chini, na nyundo huja. Pigo la kwanza hukisukuma chuma kiingie pembeni. Pigo la pili na la tatu hukijaza kila kona. Kinachozidi hububujika pembezoni na kuwa utando mwembamba kama ukingo wa maandazi yaliyobanwa, nao hukatwa baadaye. Yote haya ni ya sekunde chache, kwani chuma kikipoa kidogo tu hukataa kutii, na kalibu yenyewe huweza kupasuka.

Mkasi na kibanio havifuliwi vikiwa vizima. Kila ubavu hufuliwa peke yake. Baada ya hapo hulainishwa kwa moto wa taratibu, huchongwa kiungo na meno, hukutanishwa na mwenziwe, hupashwa tena kupita digrii 1,000 na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha hutiwa moto mdogo ili ugumu ule usiwe wa kuvunjika. Mwisho hupigwa tupa, msasa na king'arishio. Chuma chenyewe ni kile kisichoshika kutu, chenye kromiamu yapata asilimia 13, ndiyo sababu huweza kuchemshwa kwenye mashine ya mvuke kila siku bila kuoza.

Mafundi wa Sialkot walikuwa wahunzi kabla ya kuwa watengenezaji wa vyombo vya hospitali. Mji huo, alikozaliwa mshairi Muhammad Iqbal mwaka 1877, ulijulikana kwa panga na visu. Zama za ukoloni wa Kiingereza, madaktari wa hospitali ya wamishonari waliwapelekea wahunzi hao vyombo vilivyoharibika ili wavitengeneze. Waliotengeneza vya wengine baada ya muda wakaunda vyao. Leo mji huo ni miongoni mwa vitovu vikubwa duniani vya vyombo vya mkono vya upasuaji, na vingi vya vyombo hivyo huanza safari yake chini ya nyundo ya kuanguka.

Haya ya karakana za huko sikuyapata kitabuni peke yake. Nilipojaaliwa kwenda Umra, nilikaa siku moja ndani ya Msikiti wa Mtume, Madina, upande wa wanawake, nikingoja Alasiri. Pembeni yangu alikaa mama wa makamo na binti yake. Kwa Kiingereza cha binti tuliulizana tulikotoka. Aliposema Sialkot, nilishangaa kama mtu aliyekutana na jamaa. Nikamwambia kwamba miaka yote hii nimekuwa nikilisoma jina la mji wake kwenye makasha. Yule mama alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema mumewe alifanya kazi ya nyundo hizo karibu miaka 30. Alinieleza jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani, nguo zina vitobo vya cheche, mikono inaendelea kutetemeka hata anaposhika kikombe cha chai. "Sasa hasikii," alisema. "Anaijua adhana kwa kuwaona watu wakienda msikitini." Binti yake alipokuwa akinifasiria maneno hayo aliinamisha kichwa.

Nilimjibu kwamba namjua mumewe ingawa sijamwona, kwa sababu mjomba wangu alikuwa vivyo hivyo. Miaka yake ya mwisho, watu wa mtaani walimwona ana kiburi. Walimpitia na kumtolea salamu, naye hakuitikia. Ilibidi mke wake awazungukie majirani mmoja mmoja akawaeleza kwamba mzee hakatai salamu ya Kiislamu, bali haimfikii. Mjomba alipolijua hilo alilia. Hakulia siku alipoungua mkono, wala siku alipouza karakana. Alilia kwa salamu ambazo hakuzirudisha.

Wasomaji wataniuliza, kama hali ni hii, mbona nikamtetea kijana? Nitayajibu kwa mafungu mawili, kama nilivyomjibu kaka yangu.

La kwanza ni la heshima ya kazi. Hadithi ya mchukuzi wa miski na mvukuta mivukuto ni sahihi, na maana yake kama tulivyofundishwa ni kuonya juu ya usuhuba: anayekaa na mwovu haponi cheche. Haikusema kwamba mhunzi ni mwovu. Nilipomuuliza ustadhi wetu, alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisikia zamani darasani. Ibrahim, mwana wa Bwana Mtume (S.A.W.), alipelekwa kunyonyeshwa katika nyumba ya Abu Sayf, ambaye alikuwa mhunzi pembezoni mwa Madina, mkewe Ummu Sayf ndiye aliyemlea. Imepokewa kwamba Bwana Mtume alikuwa akienda kumtazama mwanawe katika nyumba ile, nayo imejaa moshi wa mivukuto, akamchukua mtoto akambusu. Na Ibrahim alipokuwa akikata roho angali mchanga, Mtume alikuwapo, na machozi yakamtoka. Nyumba ya masizi ndiyo iliyoaminiwa mtoto huyo. Tukumbuke pia kwamba Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma na akafundishwa kuunda deraya, na kwamba Qur'ani ina sura nzima iitwayo kwa jina la chuma, ambamo kinatajwa kwa nguvu zake na manufaa yake kwa watu. Wengi wetu husoma Suratul Kahf kila Ijumaa, tukapita kwenye habari za Dhulqarnain na vile vipande vya chuma vilivyovukutiwa mpaka vikawa moto, kisha tukafunga msahafu na kumwambia mtoto kwamba kazi ya moto ni ya watu duni.

La pili ni la masikio, na hapa sikumficha kaka yangu kitu. Uziwi wa wahunzi si habari mpya. Mwaka 1831 daktari Mwingereza, John Fosbroke, aliandika katika jarida la Lancet kwamba wahunzi hupoteza usikivu wao polepole. Mwaka 1886 Thomas Barr wa Glasgow aliwapima watengenezaji 100 wa matangi ya mvuke, asimpate hata mmoja mwenye usikivu kamili. Ndani ya sikio mna vijinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvivunja, navyo haviioti tena. Hutangulia kupotea sauti nyembamba, zile za watoto na za wanawake. Kwa hiyo mhunzi anayeziwika huanza kuwapoteza watu wa nyumbani kwake, na wao hudhani hawasikilizi.

Lakini uziwi huu unazuilika. Sauti ya nyundo za kuanguka hupita kwa urahisi desibeli 100. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinasema mfanyakazi asikae katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane, na ikipita 85 mwajiri awe na mpango wa kulinda masikio ya watu wake. Tusidhani tofauti ya 90 na 100 ni ndogo, kwani kila desibeli 10 huzidisha nguvu ya sauti mara kumi. Vizibo vya masikio na vifuniko vyake vinauzwa. Mashine huweza kutengwa, zamu huweza kufupishwa, masikio huweza kupimwa kila mwaka. Mjomba hakuambiwa hayo na mtu yeyote. Mumewe yule mama wa Sialkot aliambiwa, lakini alipewa pamba.

Na kwa nini alipewa pamba? Kwa sababu mnunuzi wa mbali hutaka bei ya chini, na bei ikishuka, kinachopunguzwa kwanza ni kinga ya mfanyakazi. Katika miaka ya 1990 ulimwengu ulijua kwamba hata watoto walikuwa wakitumikishwa katika karakana za vyombo vya hospitali vya Sialkot. Mwaka 2006 Mahmood Bhutta, daktari wa Uingereza ambaye ni bingwa wa masikio, pua na koo, aliandika katika jarida la BMJ akizitaka hospitali ziulize vyombo vyao vimetengenezwa katika hali gani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa biashara hiyo, mwenye kushika mkasi. Tangu usiku ule wa kibanio kilichovunjika, kila nilipopata nafasi ya kuulizwa juu ya ununuzi nilisema mambo mawili: tuulize kimefuliwa wapi, na tusifurahie bei iliyoshuka bila sababu. Mara nyingine nilisikilizwa, mara nyingine sikusikilizwa.

Kijana wetu alikuwapo kikaoni, na hakusema neno mpaka alipoulizwa. Baba yake alimtaka aeleze kwa nini, katika kazi zote, aitake hii. Alijibu kwamba springi ya gari ikitupwa jalalani ni takataka, na mjomba wa shangazi aliitoa humo akaifanya kisu ambacho kinakata hadi leo jikoni kwetu. Alisema anataka kujua jinsi ya kufanya hivyo kwa vipimo, kwa vitabu na kwa mashine, ili asikisie. Kaka yangu alimtazama muda mrefu. Nadhani alitarajia kusikia habari za mshahara.

Mzee mmoja wa kikao, akitaka kumuunga mkono baba, alisema kijana ni kama chuma, apigwe mpaka anyooke. Neno hilo nililipinga kwa adabu, kwa sababu nililisikia likikanushwa na mhunzi mwenyewe. Mjomba alikuwa akisema kwamba nyundo hailainishi chuma, moto ndio unaolainisha. Ukikipiga kikiwa baridi, unakitia ufa usiouona, nao utafunguka siku ya mzigo. Kijana huyu alikuwa na moto wake tayari. Kulikuwa na haja gani ya kungoja upoe?

Tukakubaliana. Kaka yangu ameridhia aende chuo, kwa masharti aliyoyaweka yeye na mengine niliyoyaweka mimi. Yake ni kwamba kijana amalize kozi hadi cheti cha mwisho, asiache katikati akakimbilia vibarua, na Swala asiiache kwa kisingizio cha kazi. Yangu ni ya kiuguzi. Avae miwani na vifuniko vya masikio tangu siku ya kwanza, hata kama wenzake watamcheka. Asivae kanzu wala nguo ya nailoni mbele ya tanuri, maana nailoni huyeyukia mwilini. Apimwe masikio kabla ya kuanza, ili tuwe na kumbukumbu, na kila mwaka baada ya hapo. Kipimo cha kwanza tumekwisha kukifanya wiki hii, na usikivu wake ni mzima, alhamdulillahi.

Kwenu kina mama wenye vijana wa namna hii, naomba mambo machache. Msiikatae kazi ya mikono kwa sababu ya nguo chafu. Ulizeni kwanza usalama wake, na mkipewa majibu yasiyotosheleza, ulizeni tena. Chuo au karakana inayoshindwa kukuonyesha vifaa vya kinga, mtafutie mtoto pengine. Na ukimpita mzee aliyefanya kazi za vyuma, ukamtolea salamu asiitikie, usiende zako ukasema ana kiburi. Zunguka umwendee mbele, akuone uso, umsalimie tena.

Chuo kinafunguliwa mwezi ujao, inshallah. Mwombeeni dua kijana wetu, na mumwombee mjomba maghufira, na yule mzee wa Sialkot ambaye mkono wake ulikuwamo katika uzazi wa watoto wetu wengi bila yeye kujua.

Wabillahi tawfiq.